Saa 48 za jani la mkonge

Jani la mkonge likishakatwa lina siku mbili. Zikipita saa 48 kabla halijaingia kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyama ya jani na nyuzi, utomvu hukauka, nyama ya jani hung'ang'ania singa, yaani nyuzi zenyewe, na kinachotoka upande wa pili wa mashine ni nyuzi chafu zenye madoa ambazo mnunuzi huzishusha daraja au huzikataa kabisa. Kati ya Muheza na Korogwe hakuna mkata mkonge asiyelijua hilo. Wataalamu wa maendeleo ndio hawakulipa uzito, na kwa sababu hiyo nadharia zao nyingi zikifika Tanga huchechemea.

Tuanze na ile iliyotamba kuliko zote. Mwaka 1960 mwanauchumi Mmarekani W. W. Rostow alidai kwamba kila jamii hupanda ngazi ileile yenye vidato vitano: jamii ya jadi, maandalizi ya kupaa, kupaa kwenyewe, safari ya kukomaa, na mwisho zama za matumizi makubwa ya umma. Kidato cha tatu ndicho chenye shughuli. Nchi hupaa, alisema, pale uwekezaji unapotoka kwenye asilimia 5 ya pato la taifa au chini ya hapo na kuvuka asilimia 10, ikapatikana sekta moja au zaidi ya viwanda inayokua kwa kasi, na mfumo wa siasa na jamii ukakubali kuubeba ukuaji huo.

Sasa itazame Tanga wakati wa uhuru. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Bandari ipo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baadaye Mlingano ikawa na kituo chake cha mkonge. Sekta kiongozi nayo haikukosekana: Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa singa, na mwaka 1964 uzalishaji ulifika karibu tani 230,000. Mashamba yaliajiri watu zaidi ya laki moja. Kama kuna mkoa wa Afrika Mashariki uliokuwa umekamilisha orodha ya Rostow ya maandalizi, ni huu. Haukupaa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilitoa kiasi cha tani 20,000 tu, na milingoti, yaani mashina ya maua ya mkonge uliozeeka, ilisimama katikati ya vichaka kuanzia Pongwe hadi Mombo.

Walioamini ngazi walisema kilichokwama ni watu: desturi, uvivu, kukosa moyo wa kujituma, baadaye usimamizi mbovu wa serikali. Waliofuata mkondo wa utegemezi, ambao Walter Rodney aliupa sauti kubwa alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walijibu kwamba Tanga haikukwama hata kidogo. Ilikuwa inafanya kazi iliyopangiwa, yaani kutoa nyuzi kwa bei ya Ulaya na kununua kamba zilizosokotwa Ulaya. Siku hizi wanasikika zaidi wafuasi wa taasisi, hasa baada ya Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson kutunukiwa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2024. Kwao, taasisi za kinyonyaji zilizojengwa na wakoloni huendelea kunyonya hata baada ya bendera kubadilika.

Kila upande una ukweli wake. Lakini hakuna hata mmoja unaoanzia kwenye jani, na mimi nadhani hapo ndipo pa kuanzia.

Jani bichi la mkonge ni maji na nyama. Singa unayoipata ni kama asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake, kwa hiyo tani moja ya singa inahitaji majani ya tani 25 hadi 33, yakatwe kwa mkono, yafungwe mizigo ya majani thelathini thelathini, yabebwe hadi kando ya njia, kisha yapelekwe kiwandani kabla ya siku mbili kwisha. Mzigo mzito hivyo, unaooza haraka hivyo, hausafirishwi mbali. Korona lazima iwe katikati ya shamba, na shamba lazima liwe kubwa kiasi cha kuilisha kila siku, maana mashine hiyo ni ghali, inakula maji mengi na haina faida ikilala. Ndiyo sababu mashamba yalitandaza reli ndogo za troli na kutafuta mito. Ukubwa wa shamba la mkonge haukutokana na tamaa ya mzungu peke yake, ingawa tamaa haikukosekana. Ulitokana pia na hesabu ya saa 48 na mashine.

Na mashine isiyotakiwa kulala inataka mikono isiyolala. Arthur Lewis, katika makala yake ya mwaka 1954, alieleza uchumi wenye pande mbili: upande wa jadi wenye watu wa ziada wasio na kazi ya maana, na upande wa kisasa unaowachota kwa ujira mdogo mpaka ziada ile iishe. Nadharia nzuri, imejengwa kwa ustadi. Ila Tanga watu wa ziada hawakuonekana. Wabondei, Wazigua, Wasambaa na Wadigo waliozunguka mashamba waligundua mapema kwamba kuwauzia vibarua mahindi, samaki na nazi kunalipa kuliko kuwa kibarua. Mameneja waliuita huo uvivu, na wanadharia wa usasa wakautafsiri kama mzigo wa mila. Ilikuwa hesabu ya kujumlisha na kutoa.

Basi vibarua wakaletwa kutoka mbali: Waha kutoka Kigoma, Wabena kutoka nyanda za juu, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na wengine kutoka Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya pamoja ya kusaka wafanyakazi, SILABU, na aliyeandikishwa akawa manamba. Alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na alilipwa kipande kilipojaa. Ujira ulikadiriwa kwa mtu mmoja asiye na familia. Mke na watoto walibaki Kasulu au Njombe wakilima chakula chao wenyewe, maana yake shamba la mama lilikuwa linachangia gharama za shamba la mkonge. Kwa hiyo ile jadi ambayo Lewis aliiona kama bwawa linalosubiri kukauka ndiyo iliyokuwa ikiushikilia usasa usianguke. Wafuasi wa utegemezi waliliona hili vizuri, wapewe haki yao.

Bei ya singa ilikuwa juu mwaka 1963 na 1964, kisha ikaporomoka vibaya. Nyuzi za polipropilini, plastiki iliyoanza kuuzwa kibiashara mwaka 1957, zilishaingia kwenye soko la kamba za kufungia majani ya mifugo, ambalo ndilo lililokuwa tegemeo. Azimio la Arusha likatangazwa Februari 1967, na kufikia mwisho wa mwaka huo zaidi ya nusu ya sekta ya mkonge ilikuwa mikononi mwa serikali. Wako wanaosema utaifishaji uliua mkonge, wako wanaosema plastiki iliua. Plastiki ilitoa pigo la kwanza, hilo halina ubishi. Lakini mkonge una mtego wake. Ukipanda leo utakata mara ya kwanza baada ya miaka miwili mpaka mitatu, na mche utaendelea kutoa kwa miaka saba hadi kumi kabla haujatoa mlingoti na kufa. Kwa hiyo shamba lenye afya hupanda upya kipande kila mwaka, bei iwe nzuri au mbaya. Acha kupanda miaka mitano kwa sababu soko limelala na hutaona hasara leo. Utaiona miaka minane mbele, soko litakapoamka nawe huna jani.

Kosa la pili ni kukata kupita kiasi. Mche unapaswa kubakiziwa majani kama 25 katika mkato wa kwanza na 20 hivi katika mikato inayofuata. Meneja aliyebanwa na mishahara hukata zaidi apate fedha za mwezi huu. Majani yanayofuata hutoka mafupi, na singa isiyovuka sentimita 90 haiingii daraja la kwanza hata uioshe kwa maji ya baraka. Shirika la umma lenye kasma ya mwaka mmoja, linalosubiri fedha kutoka hazina, haliwezi kulea mmea wa miaka kumi kwa urahisi. Wala mwekezaji mwenye mkopo wa muda mfupi hawezi. Tunapogombana kuhusu nani mmiliki bora, serikali au mtu binafsi, tunasahau kuuliza fedha zake zina subira ya miaka mingapi.

Jambo lisilobadilika 1967 ni lile la msingi. Shamba lilibadili mwenye mali, korona ikabaki palepale, na mwenye korona akabaki ndiye bwana wa jani.

Hapa wengi hunyoosha kidole Brazil, iliyotupita na kuwa mzalishaji wa kwanza. Kule Bahia mkonge unalimwa na wakulima wadogo, nao hutumia mashine ndogo inayohamishwa kutoka shamba hadi shamba ikiendeshwa na injini ndogo. Jani halimfuati mwenye mashine, mashine inalifuata jani. Kisiasa ni tofauti kubwa, kwa sababu hakuna anayeweza kumwambia mkulima "subiri wiki ijayo." Tusiipambe lakini. Mlishaji anasukuma jani kwa mkono kuelekea ngoma inayozunguka, na ngoma hiyo imekata vidole na mikono ya watu wengi. Singa pia hukaushwa bila kuoshwa, hivyo haiwi nyeupe kama ya Tanga iliyooshwa, ikaanikwa juani na kupigwa brashi. Wachina nao walijenga sekta yao juu ya chotara namba 11648, aina iliyozalishwa hapahapa kwenye utafiti wa Afrika Mashariki, yenye majani mengi kwa zaidi ya maradufu ya mkonge wa kawaida. Mbegu bora kabisa ya dunia ilitoka kwetu. Anayedhani kilichotukwamisha ni ukosefu wa sayansi au akili ya kisasa na apite Mlingano kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mashamba yalipobinafsishwa ukaja mpango mpya: baadhi ya mashamba ya Korogwe, Hale na Magoma yakiwemo, yakagawiwa wakulima wadogo wapande mkonge wao, huku korona ikibaki kwa kampuni. Baadaye vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, vikaingia katikati, na serikali ikauweka mkonge kwenye mazao ya kimkakati kwa lengo la tani 120,000 ifikapo 2025. Kwenye karatasi ni mabadiliko makubwa, manamba amekuwa mkulima. Nadhani nusu yake ni kweli.

Goran Hyden, Mswidi aliyeiandikia Tanzania mwaka 1980, alisema tatizo la dola ya Afrika ni kwamba mkulima hajatekwa. Ana shamba lake la chakula, ana ndugu wa kumsaidia, serikali ikimbana anarudi kwenye mihogo yake. Nyerere alikumbana na ukuta huo katika vijiji vya ujamaa. Sasa mtazame mkulima wa mkonge. Jani haliliwi. Amefunga hekta zake kwa miaka kumi. Amechukua mkopo wa kusafisha shamba, miche na palizi ya miaka miwili bila mapato. Na siku ya kuvuna ana saa 48. Huyu ametekwa barabara, tena si na dola wala mila, ametekwa na kemia ya jani na umbali wa korona ya pili. Nadharia ya mkulima asiyetekwa, ambayo kwenye mahindi ni sahihi, kwenye mkonge inageuka juu chini.

Kwa hiyo kipimo changu cha maendeleo kwa mkulima wa Korogwe ni kimoja kabla ya vingine: ana korona ya pili ya kwenda? Kama anayo, bei itajirekebisha, mizani itajirekebisha, hata lugha ya meneja itajirekebisha. Kama hana, mpe elimu, mpe kikundi, mpe kadi ya uanachama na semina ya ujasiriamali, bado atauza kwa bei atakayotajiwa.

Mtu atasema basi zao linalooza humnyima mkulima sauti siku zote. Maziwa yanakanusha. Maziwa huharibika haraka kuliko jani la mkonge, ni suala la saa chache. Lakini sekta ya maziwa ya Tanga imesimama kwa namna nyingine kabisa. Wafugaji wadogo waliunda chama chao kikuu, TDCU, mwaka 1993, na mwaka 1997 kiwanda cha Tanga Fresh kikaanza, wafugaji wakiwa na hisa pamoja na wabia wa Uholanzi. Maziwa yanapokelewa vituoni, yanapimwa kwa laktomita kuona kama yameongezwa maji na kwa spiriti kuona kama yameanza kuchacha, kisha yanaingia tangi la baridi. Hayo matangi ndiyo siri. Yanaongeza muda wa bidhaa kutoka saa hadi siku, na mwenye muda ana nafasi ya kujadiliana. Jambo la pili ni la kawaida kiasi kwamba wataalamu hulipita: maziwa yana mnunuzi wa pili mlango wa jirani. Kituo kikisuasua kulipa, lita tano zinaishia kwa muuza chai wa Ngamiani kabla ya saa mbili asubuhi. Kiwanda kinalijua hilo. Hata lisipotajwa kwenye mkutano, lipo mezani. Sekta hiyo ina kasoro zake, wala simaanishi kila mfugaji wa Muheza ni tajiri, ila mizani ya nguvu ni nyingine.

Albert Hirschman, mwaka 1958, aliwashauri wapangaji wasitazame ukubwa wa mradi bali minyororo yake: unanunua nini kutoka kwa majirani, na unawauzia nini wakatengeneze kingine. Tanga ilipata somo hilo kwa gharama kubwa. Kiwanda cha mbolea kilichoanza kuzalisha mwaka 1972 kilikuwa cha kisasa kwa kila hali, lakini amonia, salfa, potashi na kwa miaka mingi hata mawe ya fosfati yalikuja kwa meli. Fedha za kigeni zilipoadimika kikakohoa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikafungwa. Kiwanda cha saruji cha Pongwe kina chokaa chini ya miguu yake, na bado kinanguruma. Mkonge wenyewe ni mfano wa mnyororo uliokatwa: zaidi ya asilimia 95 ya jani ilitupwa mtoni miaka mia moja, mpaka mwaka 2008 Hale ilipoanza kugeuza makapi kuwa gesi ya kuzalishia umeme. Kwamba jambo hilo lilisubiri karne nzima si ajabu. Aliyekuwa Hamburg akinunua singa hakuhitaji gesi ya Korogwe.

Sasa kuna bomba la mafuta ghafi. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,147 zikiwa upande wetu, limeundwa kubeba mapipa 216,000 kwa siku, na lazima lipashwe joto la karibu nyuzi 50 kwa kuwa mafuta ya Uganda yana nta nyingi na yangeganda njiani. Bandari nayo imechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13, na meli zinafunga gatini badala ya kushusha kwa matishari. Hotuba zimerudi kwenye lugha ya Rostow: Tanga inapaa. Mimi ningeuliza maswali ya Hirschman. Karakana ya kuyavika mabomba kinga ya joto ilijengwa Sojo, Nzega, mkoani Tabora, si hapa. Chongoleani ni matangi na gati, mahali ambapo mafuta hupita bila kusalimia mtu. Faida ya kudumu kwa Tanga, nionavyo, iko zaidi kwenye gati lililochimbwa kuliko kwenye bomba, kwa sababu gati linaweza kutumiwa na mwenye singa, mwenye machungwa ya Muheza na mwenye saruji, na bomba hubeba mafuta ghafi tu.

Turudi kwenye jani, maana hapo pana jambo linaloweza kufanyika msimu huu bila kusubiri nadharia wala mfadhili. Mikataba kati ya AMCOS na wenye korona itaje mambo matatu kwa maandishi. La kwanza, singa ipimwe na kupangwa daraja mbele ya mwakilishi wa mkulima, kwa sababu mkulima hujua idadi ya mizigo aliyokata lakini haoni kinachotoka kwenye brashi. La pili, ratiba ya kukata itolewe kabla, na jani lisikatwe mpaka nafasi ya mashine ithibitishwe. La tatu ndilo gumu, na ndilo linaloachwa wazi mara nyingi: korona ikiharibika, au maji yakikatika, na majani yaliyokatwa kwa ratiba yakapita saa 48 yakiwa kando ya njia, hasara ni ya nani? Likiachwa bila kuandikwa, ni ya mwenye jani.